Mkeka wa Igombe

SURA YA SITA

Meneja Kashindye aligonga meza kwa mpini wa kisu cha minofu, akasema, "Nataka watu wangu wacheke."

Hakuna aliyecheka.

"Mnaona?" akasema Kashindye. "Ndicho ninachosema."

Akumu binti Odoyo aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Alikuwa ametoka chini moja kwa moja, kwenye meza ya pili ya wakataji, ambako yeye ndiye msimamizi, na vidole vyake vilikuwa bado havijarudiwa na uhai. Alivibana kwapani. Alipoinua macho akakuta Masele anamtazama kutoka upande wa pili wa meza. Masele fundi wa barafu. Akumu akageukia dirishani haraka, kama mtu aliyegusa chungu cha moto.

Kiwanda chao kilikuwa Igogo, mgongo kwenye reli na uso ziwani. Kilifunguliwa miaka ile ambayo wenye mitaji walikimbilia sangara wa ziwa letu na ndege zikaanza kubeba minofu kwenda Ulaya. Kazi ikawa nyingi, salamu zikawa chache. Wakataji walisimama ndani ya buti nyeupe toka asubuhi mpaka jua linageuka, migongo inawaka, mikono imekufa ganzi. Watu wa ofisini walipita ghorofani na viatu vikavu. Wa chini waliwaita wa juu "wakavu". Wa juu waliwaita wa chini jina ambalo halifai kuandikwa kitabuni.

Kisha akaja mnunuzi kutoka ng'ambo. Alitazama samaki akasema samaki ni wazuri sana. Akatazama watu, asiseme kitu. Kashindye ni mtu wa Kwimba, haoni aibu kirahisi. Siku hiyo aliiona.

"Kwa hiyo tutatoka," alisema sasa. "Kiwanda kizima. Tunafunga mashine siku moja, tunakwenda ufukweni Igombe, tunapumzika, tunafahamiana kama binadamu. Mpange nyinyi. Mimi nikipanga utakuwa mkutano. Akumu, wewe mwenyekiti."

"Kwa nini mimi, bosi?"

"Kwa sababu humu ndani ni wewe tu unayewagombeza wa juu na wa chini kwa sauti ileile."

Hapo ndipo wakacheka kidogo.

Suzana wa uhasibu akainua kalamu. "Napendekeza tumwalike mtu atoe mada. Afya ya mfanyakazi."

"Mada tena?" Mhoja dereva wa lori akaguna. "Dada Suzana, mimi nina usingizi wa tangu mwaka jana. Nipeni kivuli, basi. Hiyo ndiyo afya yangu."

"Nesi aje," Akumu akakata. "Lakini asisimame mbele na chaki. Awashike watu mikono, awatazame migongo, awaonyeshe namna ya kujinyoosha. Halafu mechi. Halafu kuvuta kamba, ofisi na wakataji wachanganywe, asiwepo mtu wa kusema sisi na wale."

"Na maji ya uvuguvugu," akasema Masele.

Wote wakamgeukia. Masele si mtu wa maneno. Ukimsikia kikaoni ujue limemkaa moyoni.

"Ndoo ya maji ya uvuguvugu kila meza," akaendelea. "Mtu akitoa mikono kwenye barafu aichovye. Isiwe ya siku ya Igombe tu. Iwe ya kila siku."

"Wazo umelitoa wapi?" akauliza Kashindye.

"Meza ya pili ndoo hiyo ipo."

"Nani anaiweka?"

Masele akatazama mikono yake. Akumu alihisi joto likimpanda shingoni. Alijua nani anaiweka. Kila asubuhi kwa miezi mingi alikuwa ameikuta pale karibu na buti zake, inafuka mvuke, na hakuna aliyewahi kusema neno juu yake, si yeye wala aliyeileta.

"Ipitishwe," akasema Kashindye, akijifanya hajaona kitu. "Nini kingine?"

Akumu akasimama. Hili alilifikiria usiku mzima na alilipenda kama mtu anavyopenda nguo aliyoishona mwenyewe.

"Viatu," akasema. "Siku hiyo hakuna buti wala viatu vya ofisini. Wote pekupeku mchangani, kuanzia wewe bosi. Na kula, tutashona mikeka, mmoja kwa mwingine, iwe mkeka mmoja mrefu toka hapa mpaka pale. Wote tutakaa juu yake. Hakuna wa kula garini, hakuna wa kubeba sahani akajitenga. Na mpishi akimaliza kupakua anakaa naye. Nani ametuona tukila na mpishi wetu? Hakuna."

Kashindye akapiga meza kwa kiganja. "Hiyo! Hiyo ndiyo niliyotaka!"

"Ngoja bosi, ngoja," Mhoja akanyoosha mkono. "Mimi na mkwe wangu je?"

Kicheko kikalipuka. Kila mtu alimjua Bi Tereza wa ufungashaji, mama mkwe wa Mhoja. Kila Mhoja aliporudisha lori mlangoni, Bi Tereza aliingia chumba cha baridi akajifungia mpaka aondoke, maana kwao mtu haonani uso kwa uso na mume wa bintiye, sembuse kula naye.

"Mnacheka, lakini siku moja yule mama atagandia mle, nisingiziwe mimi," akasema Mhoja.

"Sawa," Kashindye akafuta machozi. "Kanuni iwe hivi. Wote mkeka mmoja, mpishi pia. Wakwe peke yao ndio wanaruhusiwa kukaa pembeni. Mtu mwingine yeyote nikimwona pembeni, kesho yake anafagia magamba. Mpishi ni nani?"

"Mama yake Akumu, nani mwingine?" akasema Suzana. "Mama wa kantini."

Akumu alitazama tena upande wa Masele. Safari hii Masele hakumtazama. Alikuwa amekaza taya.

*

"Watakula mnofu," akasema Mama Akumu.

Walikuwa nyumbani Mkuyuni, jioni, mama anachambua mchele kwenye ungo, binti anabandika chai. Jina lake mama huyu ni Janet, lakini hakuna aliyelitumia tangu mumewe Zadok Odoyo afariki.

"Mama, bajeti ni ya mapanki, vichwa na mifupa."

"Nimesema mnofu." Ungo ukasimama. "Wanawake wale wanakata mnofu mwaka mzima kupeleka kwa watu wasiowajua, nyumbani wanakula mifupa. Siku wanayoitwa wapumzike, nami niwapikie mifupa? Mimi? Mwambie Kashindye akitaka mapanki atafute mpishi wa mapanki."

"Nitamwambia."

"Mwambie hivyohivyo nilivyosema."

Akumu alicheka, na moyoni akajisikia fahari. Mama yake alitoka Shirati na watoto wanne na sufuria mbili, akaanza kuuza uji getini, leo kantini nzima ni yake na meneja anapanga foleni kama wengine.

"Na huyo mwenzako wa barafu," mama akasema, bila kuinua macho, "amepata kidonda mdomoni?"

Akumu akaongeza majani ya chai.

"Nauliza. Tangu Pasaka hajagusa sahani yake. Wali hali, maharage hali. Jana nimepika makande ya nazi, makande anayoyapenda, nikasema leo atakuja tu. Hakuja. Nimemwona nyuma ya mashine anatafuna muhogo mbichi kama panya. Sasa chakula changu kimeota sumu?"

"Mama, ulimkataa."

"Nilimkataa kuoa. Sikumkataa kula!"

Kweli ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya Pasaka Akumu alikuja nyumbani akasema Masele anataka kutuma wazee. Baba mdogo Okeyo, kule Shirati, alikuwa amekwisha kusema atakalosema mama ndilo lake. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaweka mwiko chini.

"Nyara," alisema kwa Kijaluo, kama anavyomwita akiwa na jambo zito, "binti yangu. Si kwamba ni Msukuma. Msukuma ni mtu. Si kwamba ni fundi. Baba yako alikuwa mvuvi. Lakini mkwe ni mtu ambaye mdomo wake siujui. Huyu mdomo wake naujua mpaka magego. Miaka yote hii nampakulia. Ameniona nimejifunga kanga kiunoni natukanana na muuza mkaa. Nimemwita mwizi wa supu mbele ya watu, naye akanijibu. Leo nimwite mkwe? Nitamwonea haya kwa kitu gani kilichobaki? Huyo ni mteja wangu. Mteja hapewi binti."

"Mama, hakujua kwamba siku moja atakuwa mkwe."

"Ndiyo maana nakwambia. Mwanaume anayejua anachokitaka angejua."

Akumu hakumpelekea Masele maneno yale. Aliona haya. Alimwambia tu mama amekataa, na Masele akaitika, "Nimesikia," akarudi kwenye mashine yake. Pasaka akaenda kwao, na aliporudi sahani yake ya bati ilibaki imetundikwa kwenye msumari wa kantini. Imebaki hapohapo mpaka leo.

"Amenisusa," mama akasema sasa, akaanza kupepeta kwa nguvu mpaka mchele mzima ukaruka. "Nyumba ya barafu, moyo wa barafu. Afadhali nilikataa."

*

Kesho yake Akumu aliteremka kwenye chumba cha barafu na hasira yake mkononi. Mashine ilikuwa inakoroma. Masele alikuwa amepiga magoti, anakaza nati.

"Simama tuongee."

"Nakusikia hapahapa."

"Masele, simama."

Akasimama. Alikuwa mrefu, mabega ya mtu aliyekulia machungani, na macho matulivu ambayo Akumu alikuwa akiyatafuta kila asubuhi katikati ya mvuke, na kila asubuhi akiyapata. Akumu alijilazimisha asiyatazame.

"Mama yangu si mtu wa kususwa," akasema. "Kakukataa, sawa. Uchungu unao, sawa. Lakini kumpita kwenye korido bila shikamoo? Juzi amekuita kwa jina, umegeuka ukatokea mlango wa takataka. Watu wameona. Mama mjane amekulisha miaka yote hiyo, leo unamwonyesha kisogo?"

"Umemaliza?"

"Sijamaliza. Nilidhani nina mwanaume. Kumbe nina mtoto aliyenyimwa kitumbua."

Masele akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Baada ya kuniambia amekataa nilikwenda nyumbani, Magu," akasema. "Nikamwambia baba nataka wazee waende hata hivyo. Baba akaniuliza, mama wa binti ni nani? Nikasema, ni yule anayenilisha. Baba alikuwa anakunywa maziwa. Akaweka chini bakuli. Akasema, 'Rudia.' Nikarudia. Akasema, 'Yaani umekula ukweni mpaka umeshiba, ukachokonoa meno, ndiyo unakuja kuniambia unataka kuoa?' Ng'ombe anao, Akumu. Lakini akasema hakuna ng'ombe wa kufuta hilo. Nitalifuta mwenyewe au libaki."

Akumu alikalia kreti tupu.

"Sasa wewe niambie," Masele akasema taratibu. "Mkwe hula kwa mama mkwe wake? Mkwe humkazia macho kwenye korido?"

Kwenye kifua cha Akumu kitu kilichokuwa kimefungwa tangu Pasaka kikafunguka chote kwa mara moja.

"Muhogo mbichi," akasema kwa sauti ndogo. "Wiki zote hizi."

"Si mbaya. Ukizoea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Mtu amekukataa, nawe utangaze unamheshimu kama mkwe? Huko ni kujipachika. Heshima haitumiwi mjumbe. Akiiona, ataiona."

"Haioni! Anasema umemsusa!"

"Basi aseme."

"Una kiburi, Masele."

"Ninacho. Na wewe unacho. Ndiyo maana nimekupenda."

Akumu aligeuza uso kwenye ukuta uliojaa theluji, maana machozi yalikuwa karibu naye hakutaka ayaone. Hapo ndipo lilipomjia, kama maji ya baridi mgongoni.

"Igombe," akasema. "Mkeka."

"Nilikuwa nasubiri ukumbuke."

"Mungu wangu. Mpishi atakaa, na wewe utakaa. Kanuni yangu mwenyewe! Ukikaa naye mbele ya kiwanda kizima..."

"Yatakuwa yamekwisha. Nitakuwa mteja mpaka nife."

"Nitaifuta. Leo hii nakwenda kwa Kashindye."

Masele alimshika mkono. Hakuwahi kumshika kazini. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kuliko vya Akumu.

"Usiguse," akasema. "Umeipanga siku hii vizuri. Wanawake wa meza ya pili hawazungumzi kitu kingine. Wa juu wameanza kusalimia wa chini, umeona? Yule Suzana jana kashuka kuja kupima urefu wa mkeka. Ukianza kuipinda kanuni kwa ajili ya mwanaume wako, nani atakusikiliza tena? Mimi sioi mwenyekiti aliyepinda."

"Sasa utafanyaje?"

"Sijui. Lakini kukaa, sikai."

*

Siku ya Igombe jua lilichomoza safi na ziwa likatulia kama limepigwa pasi. Lori la Mhoja lilikwenda na kurudi mpaka watu wote wakafika, na mlima wa buti na viatu ukaota kando ya njia. Kashindye aliteremka akiwa pekupeku, miguu yake myeupe na laini kama ya mtoto, na wakataji wakapiga vigelegele.

Akumu alizunguka katika gauni lake la kitenge, kanga kiunoni, akiona kila alichokipanga kikisimama kwa miguu yake. Nesi alikuwa ameshika mikono ya mzee wa magamba, anaikunja na kuikunjua. Suzana alikuwa nyuma kabisa ya kamba, amezamisha visigino mchangani, anapiga kelele, "Vuta, dada zangu, vuta!" na wakataji waliokuwa mbele yake wakavuta kweli. Kwenye mechi mhasibu mkuu alipigwa chenga na kijana wa taka, akaanguka kifudifudi, akainuka anacheka na mchanga kwenye meno. Hayo yote Akumu aliyaona kwa fahari. Lakini kila alipopumua alisikia moyo wake ukiuliza swali moja tu: itakapofika saa ya chakula, je?

Upande ule wa Igombe kuna mahali ambapo mawe makubwa yameshuka mpaka karibu na maji, na kati ya jiwe na ziwa pamebaki njia ya upana wa mtu mmoja. Majiko ya mama yalikuwa nyuma ya mawe. Mkeka ulikuwa mbele. Ikafika saa. Mama Akumu akatokea kwenye ile njia ameshika sikio moja la sufuria kubwa, Bi Tereza ameshika la pili nyuma yake, harufu ya sangara na nyanya imewatangulia.

Na upande wa pili wa njia, akija kuwaelekea, Masele, kreti ya barafu begani.

Hakukuwa na pa kupishana. Jiwe huku, maji huku. Kurudi nyuma hakuweza, watu walikuwa wamemfuata na soda. Akumu aliona yote kutoka kwenye mkeka.

Masele alisimama. Akageuka. Akaingia ziwani na suruali yake, na shati lake jeupe la kutokea, kreti begani, hatua kwa hatua mpaka maji yakamfika kiunoni. Hapo akasimama, mgongo kwa njia, uso kwa ziwa, kichwa ameinamisha.

"Masele!" Mhoja akapiga kelele toka mkekani. "Unaoga na suruali, ndugu yangu? Barafu imekupanda kichwani?"

Vijana wakaangua kicheko. Lakini wanawake wakubwa hawakucheka. Mmoja baada ya mwingine walinyamaza, wakashikana mikono. Walikuwa wameelewa wanachokiona.

Mama Akumu alikuwa amesimama katikati ya njia. Sufuria ilikuwa nzito, mvuke unampiga usoni, naye hakutikisika. Aliutazama ule mgongo. Shati lililowana limeganda mwilini, mbavu zinaonekana, mbavu ambazo hazikuwepo kabla ya Pasaka. Aliutazama muda mrefu kama mtu anayesoma.

"Mama, twende, vidole vinaungua," akasema Bi Tereza. Kisha naye akatazama majini, akaguna. "Mhoja wangu, na heshima zake zote, hajawahi kuloa kwa ajili yangu."

Mama Akumu akashika sikio la sufuria vizuri. Akapita. Masele hakugeuka mpaka mama alipopita.

Wakapakua. Watu wakakaa, wa juu na wa chini, magoti yanagusana, mkeka mmoja toka kwenye lori mpaka kwenye mawe. Mnofu ulipofika mbele yao wanawake wa meza ya pili walitazamana. Mmoja akaonja, akafumba macho. "Kumbe ndicho tunachopeleka," akasema.

Bi Tereza alichukua sahani yake akaenda pembeni, Mhoja akageuka upande wa pili, na kila mtu akaona ni sawa. Kisha Kashindye akasimama katikati, mchangani, mikono kiunoni.

"Nani bado? Mama! Mpishi wetu! Njoo ukae, nafasi yako ile pale, tumekuwekea ya heshima." Akaonyesha. Nafasi iliyobaki ilikuwa hiyo moja, ya kutosha watu wawili. "Na wewe Masele, unatafuta nini huko kwenye mawe na maji yanakudondoka? Njoo, kaa hapo karibu na mama yako wa kantini. Leo hakuna wa kujitenga."

Masele hakusogea.

"Masele. Nazungumza nawe."

"Nimeshiba, bosi."

"Umeshiba nini, hujala! Kanuni tumeipitisha wote, na wewe ulikuwepo. Wanaokaa pembeni ni wakwe tu. Wewe una mkwe hapa? Sema kama una mkwe, nikuache."

Mikono ikasimama kwenye sahani. Masele alimtazama Akumu, mara moja, na katika jicho lile Akumu aliona njaa ya wiki zote, na muhogo mbichi, na ndoo ya maji ya uvuguvugu, na kiburi kilichosimama wima juu ya vyote. Lile neno lilikuwa moja tu, jepesi, lingemwokoa. Lakini halikuwa lake kulisema. Hakulisema.

Akumu akainuka nusu. Alikuwa tayari kulisema yeye.

"Kaa chini, nyara," ikasikika sauti ya mama.

Mama Akumu alikuwa anafuta mikono kwenye kanga. Aliifuta, akaifungua, akaifunga upya vizuri, ikafunika mabega, kama mwanamke anayekwenda kupokea wageni. Kisha akanyoosha mgongo.

"Bwana Kashindye," akasema, "kanuni yako niliisikia toka nikiwa jikoni. Naiheshimu. Umesema wakwe wanakaa pembeni?"

"Ndiyo, mama. Wakwe tu."

"Basi usimgombeze huyo kijana." Hakumtazama Masele. Alitazama ziwa, juu ya kichwa chake. "Hawezi kukaa hapo. Na mimi siwezi kukaa naye. Mume wa binti yangu hali mbele yangu."

Halafu Bi Tereza, kule pembeni alikokuwa, akapiga kigelegele kimoja kirefu, na meza ya pili yote ikamdaka. Mhoja alirusha kofia. Suzana akamkumbatia mkataji ambaye hakuwahi kumjua jina. Kashindye, mtu wa Kwimba, alisimama pekupeku akicheka mpaka akaketi mchangani.

Akumu hakucheka wala hakupiga kigelegele. Alisimama akimtazama mama yake, yule mwanamke wa sufuria mbili, akitembea taratibu na sahani yake kwenda nyuma ya jiwe, kichwa juu, asigeuke.

Kisha sauti ikatoka huko nyuma, kali, ileile ya kantini. "Akumu! Umesimama unangoja nini? Mpelekee mtu chakula! Kipande cha tumbo nimekitenga kwenye kile kibakuli cha bluu. Na mwambie avae nguo kavu."

Akumu akakibeba. Masele alikuwa amekaa upande wa pili wa mawe, maji yanamtiririka, naye akakipokea kibakuli kwa mikono miwili. Hawakushikana. Hawakuwa na haja. Akumu alikaa mbele yake mchangani akamtazama akila, tonge la kwanza, la pili, akaona koo lake linavyoshuka, akaona macho yake yanavyojaa, na hakuwahi kujivunia mtu kama alivyojivunia huyu.

"Anasemaje?" mama akauliza toka nyuma ya jiwe. "Chumvi imetosha?"

"Mwambie mama," akasema Masele, kwa sauti ya chini, ya heshima, "mwambie tangu Pasaka sijala."

"Anasema tangu Pasaka hajala, mama!"

Akumu alisikia mama yake akivuta kamasi, mara moja, kwa siri.

"Mwambie," akasema mama, "nilizihesabu siku."